Siri ya Mdiria wa Kambove

Bel-Air, Lubumbashi
Tarehe 16 Novemba 2025

Mpendwa Baba mdogo Donat,

Nakusalimu kwa heshima na upendo mwingi, wewe, Mama mdogo Estelle na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba baridi ya Liège haijaanza kukukamata kifua kama mwaka jana. Siku ile ulipotupigia simu sauti yako ilikuwa imekauka kabisa, na Mama akasema mtu aliyezaliwa Kambove hawezi kuzoea kuvaa makoti mawili. Je, mdogo wetu ameshaanza kutembea? Tunamtaja kila Jumapili katika sala.

Hapa nyumbani tunaendelea. Mvua zimeanza na barabara yetu imekuwa tope tupu. Baba anakusalimu. Mgongo wake unauma bado, lakini kazini anaenda. Mimi niko sekondari, mwaka wa tano wa humanités. Kifaransa ninafanya vizuri, hesabu inanipa taabu, na mwalimu wa biolojia ameniomba nimchoree ndege ubaoni kwa sababu anasema ninawajua.

Pengine unajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi, wakati simu ipo. Sina hamu tena ya kutuma picha kwa simu. Mama Christiane wa parokia yetu anasafiri kwenda kumwona binti yake huko Ubelgiji, naye ameahidi kukupa bahasha hii mkononi. Ndani kuna picha mbili. Nakuomba usizigeuze kwanza. Soma mpaka mwisho.

Ninataka kukuambia habari za Kambo Mwape, nyanya yangu, mama yako. Anakwambia kwamba ni mzima, nami najua kwamba kwenye simu hukwambia hivyo kila mara. Kwa miguu ni mzima. Lakini kile kijito kinachopita nyuma ya nyumba yake, mahali ulipojifunza kuogelea, si kile unachokijua tena. Kampuni moja ya madini, sitaandika jina lake, imechimba shimo kubwa upande wa juu, na tangu mwezi wa nne mwaka huu maji yake machafu yanashuka mpaka kwetu. Mihogo ambayo akina mama waliloweka mle ilitoka na rangi ya kutu. Mboga za lengalenga za Kambo zilikauka zikiwa bado zimesimama. Sasa anateka maji mbali, kwenye kisima cha watu wengine, na huko anapanga foleni pamoja na watoto wadogo.

Kijiji kiliomba kitu kimoja tu: kampuni iwachimbie kisima kirefu chenye pampu. Shauri lote ni hilo, Baba mdogo. Hakuna aliyeomba shimo lifungwe.

Sasa nikueleze picha yangu iliingiaje katika jambo hili.

Ulipoondoka uliniachia kamera yako na ukaniingiza katika kundi la WhatsApp la Macho ya Pori, ambalo wewe mwenyewe ulilianzisha pamoja na rafiki yako Papa Zéphirin. Nilikuwa mtoto kati ya watu wazima: mhasibu, daktari wa meno, mafundi, na yule Osée mwenye lenzi ndefu kama bomba la mvua. Walinifundisha kwa uvumilivu. Nikiweka picha ya kinyonga, huyu anasema mkia umekatika, yule anasema subiri jua lishuke. Daktari wa meno alikuwa akinisifu, "Chapeau, la petite!", hata chini ya picha mbaya. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni mbio ili nisome walichosema.

Sheria niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile yako. Chini ya picha hatuandiki mahali wala tarehe. Ulinieleza sababu: mtu mmoja aliweka picha ya swala pamoja na jina la kilima, na wategaji wakafika huko wiki ile ile. Basi mtu akiuliza "Umemupigia wapi huyu?", kundi zima linamjibu kwa maneno yako: "Siri ya ndege." Hata kama ni picha ya kobe. Tulikuwa tunacheka.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikwenda likizo kwa Kambo na nikampiga picha mdiria, yule mdogo wa bluu ambaye shuleni tunamwita martin-pêcheur. Alikuwa ametoka majini na samaki mdomoni, na tone la maji lilikuwa bado linaning'inia kwenye mkia wa samaki. Nilimsubiri nimelala kifudifudi kwenye majani, na siafu waliniuma mpaka shingoni. Tantine Nono, dada yako, alikuwa amepita kwa mama yenu akitoka Kasenga na magunia yake ya samaki wakavu. Aliponiona alipiga makofi. "Ona mutoto wa Donat! Analala chini sababu ya ndege, ndege hata hatukule! Piga kuku picha, labda tutapata supu."

Kundi liliipenda picha ile kuliko zote nilizowahi kuweka. Mioyo myekundu ilijaa. Wa kwako nao ulikuwepo.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilirudi. Mdiria nilimkuta ukingoni, amekufa, manyoya yamegandamana, na kando yake samaki wadogo tumbo juu. Sijui kama alikuwa yule yule. Nilimpiga picha na nikaiweka katika kundi bila neno lolote, nikifikiri watu wanaojua kutazama wataona. Unajua Osée aliandika nini? Aliandika: "Mwanga ni mukali sana. Rudia asubuhi." Mwingine akasema mandhari ya nyuma inachanganya macho. Halafu Papa Zéphirin akaifuta. Aliniandikia kando kwamba kundi ni la kupumzisha roho, si la siasa.

Nilinyamaza. Nilifunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa, na nilidhani ananifunza jambo.

Mwezi wa tisa akatutangazia furaha kubwa: Macho ya Pori itakuwa na maonyesho mjini, katika ukumbi wa kweli, picha zimechapwa kubwa kama milango, na mdiria wangu atawekwa mbele kabisa, penye mlango. Mama alilia. Nilikwenda kuazima viatu. Hatukuuliza nani anachapa.

Habari ilitufikia kwa simu ya Kambo: ni kampuni ile ile ya madini. Mkubwa mmoja wa kampuni alikuwa amefika kwenye mkutano wa kijiji akiwa na picha yangu imekunjwa chini ya kwapa. Akaifungua mbele ya watu wote. Chini yake waliandika kwa herufi nzuri: "Tunapofanya kazi, uhai unaendelea." Kambo aliniambia hivi, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliniuma zaidi: "Mujukulu wangu, balikuja na picha yako. Banasema, kama ndege anakula samaki ya mule, weye ni nani wa kukataa mayi?" Mambo ya kisima yaliishia hapo. Wazee walirudi nyumbani.

Nikajiuliza kampuni ilijuaje kwamba ndege yule ni wa kijito kile. Katika kundi niliwaambia watu wawili tu, kando, kwa sababu niliwaheshimu: wewe na Papa Zéphirin. Kwa hiyo kwa wategaji siri ilikuwa siri, na kwa waliotupa ukumbi haikuwa siri.

Nilikwenda kwa Papa Zéphirin baada ya misa, pamoja na Mama. Nilimwomba jambo dogo: aandike mwaka chini ya picha. 2024. Basi. Alinikaribisha vizuri, akatupa sucré ya baridi tunywe, akaniita binti yake. Kisha akasema sheria ni sheria, kwamba ni wewe uliyeitunga, na kwamba haiwezi kuvunjwa kwa ajili ya picha moja. Baba mdogo, alitamka jina lako kama mtu anavyofunga mlango kwa ufunguo.

Siku ya maonyesho tulikwenda, mimi, Mama na Tantine Nono. Tantine alivaa pagne yake ya Pasaka na alikuwa bado ananukia samaki kidogo. Tulipangwa kila mtu kusimama kando ya picha yake. Mkubwa wa kampuni alisimama karibu nami, ana chupa ndogo ya maji mkononi, na watu walikuja kumpa mkono yeye kwanza, mimi baadaye. Waliniuliza lenzi gani, nilisubiri muda gani, kama siogopi nyoka. Nilijibu vizuri. Nilijichukia kwa jinsi nilivyojibu vizuri.

Kisha Tantine Nono akapanga foleni kama mgeni. Alipofika mbele yangu alijifanya hanijui.

"Mademoiselle, huyu ndege ni muzuri! Ulimupigia wapi? Na siku gani?"

Papa Zéphirin alijibu haraka kuliko mimi, akicheka: "Mama, ile hatusemake. Siri ya ndege!"

Kundi lote likacheka na kurudia: "Siri ya ndege!"

Tantine alingoja wamalize. "Ah bon. Lakini ndege mwenyewe alishakufa. Ile siri munamuchungia nani?"

Yule aliyeniuliza habari za nyoka alisema, "Mama, usituharibie feti yetu ya leo." Tantine akamgeukia: "Feti? Miye nauliza tu. Weye pia uliuliza ya nyoka, hakuna mutu alikufukuza." Halafu akanitazama, na mara hii hakujifanya tena. "Sema, mwana. Nimekuuliza."

Nikasema. Nilitaja kijito, nikataja kijiji, nikataja mwezi na mwaka, kisha nikataja mwezi na mwaka wa yule aliyekufa. Nilisema kwamba nyanya yangu ameomba kisima akaletewa picha yangu. Mkubwa wa kampuni alitabasamu na kusema mtoto ana moyo mzuri, akanywa maji yake, akaenda kutazama picha ya kipepeo. Watu wakamfuata.

Sitakudanganya kwamba kulitokea zaidi ya hapo. Kesho yake picha ilikuwa imeondolewa ukutani. Jioni nilisoma kwenye simu: "Zéphirin amekuondoa." Mwaka wote nilikuwa nafungua kundi lile kabla ya kufungua daftari. Sasa nikiona ndege kwenye waya sijui nimwambie nani.

Jumamosi iliyofuata Osée alikuja nyumbani na lile bomba lake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alisema, "Mwanga haukuwa mubaya. Ni miye sikutazama." Akaomba nimpeleke Kambove. Tulikwenda naye na Mama. Kambo alitupikia bukari ya unga wa mahindi, naye Osée alikwenda kijitoni peke yake, akarudi hajasema neno juu ya rangi wala juu ya jua. Aliweka picha ya maji yale katika kundi na chini yake akaandika mahali na tarehe. Aliondolewa kabla hatujafika Likasi, njiani kurudi. Alinionyesha simu, akacheka, lakini si kicheko chake cha kawaida.

Sasa geuza picha, Baba mdogo. Moja ni mdiria aliye hai, nyingine ni aliyekufa. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa mkono wangu jina la kijito, mwezi na mwaka. Ni mara ya kwanza ninavunja sheria yako kwa kalamu, na nimeandika kwa wino usiofutika.

Lazima nikuambie na jambo linaloniuma kwako. Papa Zéphirin alipoweka katika kundi tangazo la mwisho la maonyesho, na maneno yale ya kampuni chini ya mdiria, niliona moyo wako mwekundu. Najua ulikuwa umechoka na kazi, ukaona jina langu, ukafurahi. Hukusoma maneno. Lakini ni maji ya mama yako.

Osée amenieleza kwamba katika WhatsApp mtu yeyote anaweza kuondolewa, isipokuwa yule aliyelianzisha kundi. Mimi wameniondoa, Osée wamemwondoa. Wewe hawawezi. Ukiziweka picha hizi mbili pamoja, na maandishi ya nyuma, Zéphirin atalazimika kujibu mtu ambaye alitumia jina lake. Na wale wengine, daktari wa meno na wenzake, si watu wabaya. Nadhani wanangoja tu mtu ambaye wanaweza kumsikiliza bila kuona haya. Kijiji kinarudi kukutana kabla ya Noeli, na Kambo amewaambia wazee wasikate tamaa, mwanawe wa Ulaya hajasema bado.

Msalimie sana Mama mdogo Estelle, na umbusu mdogo wetu kwenye mashavu yote mawili. Baba na Mama wanakusalimu. Tantine Nono anasema amekuwekea samaki wa Kasenga, lakini utamla siku utakaporudi, hatatumwa. Kambo Mwape anakuombea kila asubuhi njiani anapokwenda kuteka maji, na njia sasa ni ndefu, kwa hiyo sala nazo zimekuwa ndefu. Mungu awalinde, awape afya na amani ndani ya nyumba yenu.

Barua hii usinijibu mimi. Wajibu wao, kule kwenye kundi.

Mimi binti yako, akupendaye bado,

Syntiche