Wiki ya Kuachia Mkono

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya mwisho ya mafunzo. Walimu kumi na wawili, wote wa watoto wenye ulemavu, na mimi mkufunzi wao nimechoka hoi. Leo nimepitia madaftari ya watoto ambao walimu hawa wanafanyia mazoezi ya kufundisha. La Kidoti, msichana wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo, limenikosha: jina lake, ukurasa baada ya ukurasa, safi. Nimeandika "Hongera." Mwalimu wake, tunayemwita Miwani, akacheka mpaka jino la mwisho.

Jumanne, 5 Machi
Nimeingia kwa Miwani bila hodi. Kidoti ameshika penseli, mkono wa Miwani juu ya wake. Penseli inakwenda – na Kidoti anatazama dirishani! Nikamwambia Miwani aondoe mkono. Penseli ikaanguka. Eti huwa anamsaidia kidogo tu. Kidogo! Daftari zima ni mwandiko wa Miwani. Nimemgombeza mbele ya wenzake.

Jumatano, 6 Machi
Miwani kanifuata wakati wa chai, macho mekundu, na maandishi ya wiki ya kwanza. Niliyofundisha mimi: mshike mtoto mkono, mwongoze. Nikatafuta panaposema umwachie lini – ushike kifundo cha mkono, kisha kiwiko, mwisho umguse bega tu. Hapapo. Siku ile muda uliisha, nikasema tutamalizia kesho. Kesho yake tukaingia sauti za herufi.

Miaka kumi na minane ya kazi! Nimeona aibu. Nimemwomba radhi, mbele ya wale wale.

Alhamisi, 7 Machi
Kutwa tumejifunza kuachia. Kifundo, kiwiko, bega. Kidoti katoa mstari mmoja, umepinda. Wa kwake! Nusura nilie.

Halafu Miwani akanitobolea siri: kesho mama yake Kidoti anakuja na bibi, mama mkwe wake. Bibi ndiye mwenye kauli pale nyumbani. Ameambiwa mtoto anaandika jina. Asipoliona kwa macho yake, Kidoti harudi tena shule. Miwani anauliza amshike au asimshike. Nikasema asimshike.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika stoo, katikati ya maboksi ya chaki. Nimewaambia nafuata karatasi.

Bibi kakaa mbele kabisa, mkoba mapajani. Miwani kaificha mikono chini ya meza. Nikampa Kidoti penseli. Akaishika vizuri. Tukangoja. Hakuandika – akaninyooshea mkono, penseli ndani yake, nimshike.

Mama yake akanisogelea sikioni. "Mshike tu, mwalimu. Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba anashikwa. Bibi ndiye hajui."

Karatasi ninazo, nimeshazichukua. Namsikia Miwani akimwambia bibi avumilie kidogo, mkufunzi anakuja. Mlango sikuufunga vizuri, namwona Kidoti. Mkono bado kaunyoosha.