Yule Paka Wetu wa Jumamosi

Maskati

Dada yangu Halima,

Shikamoo dada, na shemeji mfikishie shikamoo yake. Mimi mwili mzima, ila joto la huku linanionea. Najua hapo Lushoto mwezi huu mnajifunika mablanketi mawili na bado mnalalamika! Kifua cha shemeji kimepoa? Viazi mmeshavuna?

Barua yako niliipata wiki tatu sasa, na kimya changu usikidhanie kiburi. Uliniuliza jambo moja: kwenye fomu ya shule ya Shabani, pale pa mzazi, uandike jina lako au langu. Ukaniambia pia kwamba mtoto ameiona picha yangu ukutani akakuuliza, "Yule ni nani?" Dada, nilikasirika. Nilisema moyoni, Halima hakujaliwa mtoto, sasa anamtaka huyu wangu mmoja. Nisamehe. Nilikuandikia barua mbaya sana, nikaichana.

Alhamisi iliyopita bi mkubwa ninayemfanyia kazi akanituma niwapeleke watoto wake sinema, Nawal wa miaka tisa na Salim wa mitano. Kufika mlangoni, nani ninayemwona kwenye picha kubwa? Karoti! Yule paka mwekundu wa katuni, tuliyekuwa tukimtazama kila Jumamosi kwa Mama Saidi, kwenye video yake. Nilipiga kelele, "Jamani, Karoti!" mpaka Salim akaona haya. Kumbe wameichukua katuni yetu wakaitengenezea filamu ndefu, na paka wa kweli wenye manyoya.

Unakumbuka mkanda ulikuwa wa Kiingereza, hakuna aliyeambulia neno, mimi ndiye nikajifanya mkalimani. Natafsiri kwa Kishambaa, uongo mtupu! Mama yake Karoti haonekani? Nikasema kaenda Shume kupakia kabichi kwenye lori, atarudi. Watu walicheka hoi, na wewe ukinipiga kikumbo, "Mwongo mkubwa wewe!" Shabani peke yake ndiye hakucheka. Alikaa mapajani kwangu, anaamini kila neno.

Siku yangu ya kuondoka kuja huku, naye ana miaka mitatu, sikuwa na ubavu wa kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Nakwenda Shume kupakia kabichi, narudi." Ulipoandika kwamba kila lori la kabichi likipita anakimbilia barabarani kutazama nani anashuka, nililia jikoni nikasingizia vitunguu. Mwaka uliofuata ukaandika kuwa ameacha. Mjinga mimi, nikashukuru.

Basi sinema ikaanza. Maandishi ya chini ni Kiarabu, Nawal anasoma na kunieleza sikioni. Kumbe mama yake Karoti alikwenda mbali kutafuta chakula, akapotea, na paka mmoja jike, mtu mzima, akamchukua mtoto akamlea. Mwishoni mama anarudi. Nilikaa sawasawa kwenye kiti. Anakuja, amekonda, anamwita mwanawe. Karoti anamtazama, anarudi kinyumenyume, anakwenda kujificha nyuma ya yule aliyemlea.

Salim akauliza kwa sauti, "Mbona haendi kwa mama yake?"

"Hamjui," Nawal akamjibu, mdomo umejaa bisi.

Dada, nililia, na siyo kilio cha kufuta kwa ncha ya mtandio. Watu wakageuka. Nawal akanishika mkono, "Yaya, ni paka tu." Nikamwambia ndiyo mwanangu, ni paka tu. Yule mama hakupigana, hakumvuta mtoto. Alikaa pembeni akawatazama wakila. Nilimchukia kwa hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, nikimlaumu kama mtu ninayemfahamu. Siku ya pili, nikimchana Salim nywele, nikaona nisingeweza kufanya zaidi ya alichofanya yeye.

Mkataba nimeuongeza miaka miwili. Ningependa nikwambie nakuja, lakini nikija sasa tutakula nini sote kwenye kile kishamba cha mteremkoni? Kwa hiyo fomu ijaze, dada, andika jina lako. Wewe ndiye unayemvika sweta asubuhi na kumkanda kifua akikohoa. Sitaki mwalimu amuulize mama yako yuko wapi, akasimama mbele za wenzake hana jibu. Inaniuma, sikufichi. Ukweli wenyewe nitamwambia mimi akishakua, anikasirikie mimi, siyo wewe.

Nisalimie shangazi wa Mnazi na magoti yake, na Mama Saidi mwambie video yake ilitulea. Shemeji mwambie asiende shambani kabla ukungu haujaondoka. Shabani mpe salamu nyingi, mwambie anasalimiwa na mama yake mdogo.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Mwanaidi