Moto Katika Damu ya Kambo

Jumanne, 5 Agosti 2025

Leo nimempeleka Kambo kwenye kituo cha afya. Bibi yangu hajawahi kuogopa sindano, lakini leo alinishika mkono kama mtoto. Ni utafiti: madaktari wa Lubumbashi wanapima damu za wazee wanaoanza kusahau. Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo ya Examen d'État, sina kazi — basi mimi ndiye wa kumsindikiza.

Muuguzi, Bwana Tshimanga, alimpa maneno matano ayashike: samaki, kanisa, shati, mlima, chumvi. Baada ya dakika tano akamwuliza. Kambo alikumbuka samaki tu. Ameuza samaki wa ziwa Tshangalele miaka thelathini!

Akamwambia muuguzi: "Ile ingine unichungie, nitakuya kuikamata kesho."

Benchi zima lilicheka. Mimi sikuweza.

Mirija mitatu ya damu. Ikaingia kwenye sanduku la barafu.

Alhamisi, 14 Agosti

Jibu la kwanza limetoka. CRP, kipimo kimoja cha damu, iko juu. Vipimo vingine vinafanyiwa Lubumbashi, bado. Tshimanga alieleza kwa Kifaransa, haraka haraka: inflammation, mwili unapigana na kitu, na ikidumu miaka labda inauchosha na ubongo. Labda — alilirudia mara tatu — ndiyo maana wanatafiti. Akauliza kama Kambo ana kidonda, homa, jino bovu. Nikatafsiri.

"Apana, mwana, minye niko muzima."

Kisha Kambo akanigeukia: "Anasema niko na nini?"

Sikujua Kiswahili cha inflammation. Uvimbe? Lakini hakuna kilichovimba. Watu walitutazama, mashavu yangu yakawaka. Nikafikiria mbabula yetu ya kupikia: juu majivu matupu, chini makaa bado mekundu. Nikasema: "Kambo, kuko moto mu damu yako."

Nilijivunia neno langu njia nzima!

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Bibiane, jirani yetu, alikuwa kwenye benchi la kituo Alhamisi. Amekulia Kinshasa, na Kiswahili chetu bado anakisikia kwa masikio ya Kilingala. Na kwa Kilingala, moto ni mtu. Mtu!

Sasa avenue nzima inajua: munganga wa kituo cha afya amekuta mtu ndani ya damu ya Kambo.

Kwenye bomba la maji, Princesse, niliyekaa naye dawati moja miaka miwili, aliniuliza kwa sauti ndogo: "Jaël, ni kweli kambo yako iko na muntu mu damu? Mwanaume ao mwanamuke?"

Nilitaka kueleza vizuri. Nikasema: "Ni moto."

"Ee, njo vile bote banasema."

Nikabeba bidon yangu.

Jumatatu, 18 Agosti

Hili naliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Kambo ananiita Danielle. Danielle ni mama yangu, binti wa Kambo. Alikufa nikiwa na miaka sita.

Mara ya kwanza nilimsahihisha. "Kambo, minye ni Jaël. Danielle alikufa." Alilia kama mtu aliyepata habari siku hiyo. Na kweli, kwake ilikuwa siku hiyo. Alijifunika kitenge kichwani, akauliza maiti iko wapi.

Tangu hapo akiniita kutoka uani, naitika: "Mama?" Naitika kwa sauti nyembamba, kama ninavyodhani mama yangu alikuwa akiitika. Anatulia. Anauliza kama nimekula.

Na mimi natulia. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwosha miguu. Alikataa kuvua soksi, tukavutana. Chini ya soksi ya kushoto — kidonda cha kuungua, cheusi pembeni, kinanuka. Aliungua kwenye mbabula. Lini? "Mbabula gani?" akasema. Na mimi nalala naye chumba kimoja, sikuona!

Tshimanga amekisafisha. Ametoa vidonge: mara mbili kwa siku, baada ya chakula, asikose hata siku moja. Jumatatu kubadilisha bandeji. Baada ya wiki mbili atapima tena, maana kidonda kama hiki peke yake kinaweza kuipandisha CRP. Damu inasema tu kwamba kuna moto, alisema. Haisemi ni nyumba gani inaungua.

"Na kusahau?" niliuliza. Ni swali langu la kwanza kwake, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alipanga karatasi zake upya. "Ile ni habari ingine, mama."

Ijumaa, 22 Agosti

Tantine Georgette, mtoto wa kwanza wa Kambo, amekuja kutoka Panda. Amekwisha kuongea na mchungaji wake. Siku ya Mungu, baada ya ibada, Kambo ataingia nyumba ya maombi. Siku saba. Bila chakula, bila vidonge, mpaka yule mtu atoke.

Mjomba Guy, ambaye tunaishi kwake, alisimama mbele ya dada yake mkubwa. "Kidonda iko pale, yaya! Unaiona na macho!"

"Na ile sauti?" Tantine hakupaza yake. "Bibiane anasikiaka sauti ya Danielle mu parcelle, hapa kwenu. Mama anaita, muntu anaitika. Bantu benye bamekufa baitikaka, Guy?"

Mjomba akakaa. Nilikuwa nimeshika sahani ya sombe. Tantine akanigeukia.

"Weye Jaël, unashindaka hapa. Hausikiaka kintu?"

Nikatikisa kichwa: hapana.

Nilitikisa kichwa!

Jumamosi, 23 Agosti

Kambo amekula bukari vizuri, amemeza vidonge. Kidonda kimepungua harufu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Tantine, ile sauti ni yangu." Maneno matano. Hata kwenye kioo sikuyamaliza.

Jumapili, 24 Agosti

Wako salon, sebuleni. Mchungaji, Tantine, Mjomba Guy, na Mama Bibiane kama shahidi. Begi la Kambo liko mlangoni, Tantine amelipanga mwenyewe: kitenge, rozari ya zamani, soksi mbili. Vidonge hakuweka. Nimeambiwa nikae chumbani na Kambo, mlango ufungwe.

Nasikia yote. Mjomba anataka wangoje kipimo cha pili. Mchungaji anasema damu haipimi roho. Tantine analia. Sikutegemea hilo. "Banasikia dada yangu kila siku," anasema. "Minye sijamusikia hata mara moya."

Yeye si mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Sasa ndiyo saa. Nitoke niseme. Lakini nikisema Danielle alikufa, ni mimi niliyekuwa naitika, Kambo naye atasikia. Ukuta ni mwembamba. Atampoteza tena leo, mbele ya watu, na begi mlangoni.

Amekaa kitandani, mimi chini na daftari. Nimemuuliza: "Kambo, unakumbuka maneno ya munganga?" Amefikiri sana. "Samaki," amesema. Kisha amenitazama, na macho yakanipita, yakaenda mlangoni.

"Danielle!"

Kwa nguvu, kama anavyoita uani.

Salon wamesikia. Wote wanangoja kusikia kama mtu ataitika.

"Danielle, mwana, uko wapi?"

Anavuta kitenge chake kichwani, kama siku ile. Nikinyamaza, atalia. Nikiitika humu, mlango umefungwa, Tantine atamsikia marehemu.

Nitafungua mlango kwanza. Wazi kabisa. Waone kinywa ni cha nani. Kisha nitaitika, mbele yao wote, kwa sauti ile ile —