Mtahiniwa Namba 214 Anapiga Pasi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo na hapo hapo nina hofu inayoninyima hata ladha ya chai.

Niliolewa miezi miwili iliyopita, na nikianza kumsifu mume wangu ukurasa hautatosha, kwa hiyo nitasema machache tu, kwamba akicheka mabega yake hutangulia, kwamba huniita ua lake hata mbele ya fundi bomba, na kwamba ni mkweli mpaka anachosha, kwa sababu ukweli ndiyo kazi yake. Yeye ni mhakiki wa fomu katika shule ya sekondari ya serikali, ile wanayoomba maelfu na kuingia mia moja na ishirini, na mtoto akijiandikia kwenye fomu kwamba anaweza hili au anafanya lile, mume wangu ndiye anayekwenda kuangalia kama ni kweli. Huwezi kuamini watu wanavyojiandika. Mmoja alijaza kwamba ni bingwa wa kuogelea, alipofikishwa kwenye bwawa akauliza kama kuna upande usio na maji. Mwingine aliandika kwamba kila Jumamosi huwasomea magazeti wazee katika nyumba ya kulea wazee, na pale hakuna aliyemjua isipokuwa bibi mmoja, naye bibi huyo alimjua mume wangu pia, ingawa hawajawahi kuonana, akamuuliza kama jino lake limepona. Wote hao fomu zao ziligongwa muhuri mwekundu, HAIKUTHIBITIKA, na fomu yenye muhuri huo haisomwi tena hata mtoto awe na alama zote duniani.

Sasa sikiliza tulivyokutana. Shangazi yetu aliyetulea mimi na mdogo wangu wa kike ana duka la dobi, na wakati huo mimi nilikaa mbele kupokea nguo na kuandika tiketi, mdogo wangu akitoka shule anapiga pasi nyuma ya pazia. Mume wangu alileta mashati manne, akarudi kuyachukua, akalifunua moja, akaitazama kola kama mtu anayesoma barua, kisha akaniuliza, "Hii ni kazi ya mikono yako?" Mshauri, alikuwa amesimama pale kwenye mwanga, ana vishimo mashavuni, na mimi nikausikia mdomo wangu ukisema ndiyo. Ndiyo moja tu. Tangu siku hiyo akawa analeta hata mashati yaliyo safi, na siku ya harusi alisimama akawaambia wageni kwamba yeye aliona kola kwanza, mke baadaye, watu wakacheka, mimi nikacheka, na mdogo wangu aliyekuwa amebeba keki akacheka mpaka wakampokea hiyo keki.

Ukweli ni kwamba mimi pasi siiwezi. Nikiishika, nguo inatoka na mikunjo ambayo haikuja nayo. Harusini tulipewa pasi tatu, zote ziko chini ya kitanda, bado zimefungwa kwa karatasi za zawadi. Kila Jumatatu mume wangu akishaondoka natia mashati yake kikapuni, nafunika na mboga, nawaambia majirani naenda sokoni, nayapeleka kwa shangazi, mdogo wangu anayanyoosha, Jumanne yako kabatini, na asali wangu anasema mikono yangu ina baraka. Tena ana tabia moja inayoniyeyusha, kwenye mfuko wa shati chafu huniwekea pipi ya asante, ambayo kwa haki namwachia mdogo wangu, na tangu mwezi jana anaweka mbili, ndipo ujue mapenzi yetu yanavyozidi.

Basi Ijumaa iliyopita tukinywa chai akanisimulia habari za kazini. Fomu anazopewa yeye hazina majina, zina namba tu, ili asipendelewe mtu, na karani mwingine ndiye mwenye orodha ya majina. Akasema, "Kuna mtahiniwa namba 214, alama zake ni za ajabu, na kwenye kisanduku cha michezo, sanaa na ujuzi ameandika: Ninapiga pasi nzuri, hata walimu wangu wananisifu. Nimempangia Alhamisi, si hii bali ile nyingine, aje uwanjani na viatu vya mpira tuzione hizo pasi."

Chai ikanipalia, akanipiga mgongoni. Mshauri, sentensi hiyo mdogo wangu aliiandika mbele yangu, kwa kalamu yangu, na walimu anaowasema ni wateja wa shangazi. Mtoto hajagusa mpira tangu azaliwe. Barua ya kuitwa ilipomfikia alilia, kisha tukajaribu uani, nikampa maelekezo ambayo mimi mwenyewe sina, akapiga, mpira ukabaki palepale na kiatu kikatua juu ya bati la jirani.

Nikimweleza mume wangu kwamba ni pasi ya nguo, atasema sawa, aje na pasi na shati. Na kola ile ataijua, mshauri, anaijua kuliko sura yangu. Nikinyamaza, mdogo wangu ataumbuka uwanjani na fomu yake itagongwa muhuri mwekundu. Nimewaza aseme ameteguka mguu. Nimewaza pia nijifunze kupiga pasi kwa siku sita. Nifanye nini ili mdogo wangu asiikose shule, nami nisiyakose yale macho anayonitazama nayo asubuhi akivaa shati?

Ni mimi,
Ua la Miezi Miwili

JIBU LA MSHAURI

Ua,

Hongera kwa ndoa. Nilifurahi pamoja nawe mpaka nilipofika kwenye ile ndiyo moja tu, hapo nikaanza kutafuta fimbo.

Katika habari yote hii ni mtu mmoja aliyesema kweli kuhusu pasi, naye ndiye anayetafutiwa viatu vya mpira. Mumeo ameelewa vibaya, basi. Aliyeona neno michezo hawezi kuwaza kola. Lakini wewe uliulizwa swali, ukajibu kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la mtu mwingine.

Mguu usiteguke. Ukimfundisha mdogo wako kudanganya ili kuokoa ukweli wake, atakuwa amepoteza kitu pekee alichowazidi wale waogeleaji wa nchi kavu.

Leo hii mumeo akirudi, mwache avue viatu, kisha mwambie kwamba namba 214 ni shemeji yake. Akishajua hilo, faili hilo si lake tena. Inabidi alikabidhi kwa mhakiki mwingine na aandike sababu, na wewe usithubutu kumwomba amsemee neno. Namba ziliwekwa ili shemeji asiwe shemeji. Mdogo wako naye aiandikie ofisi mistari miwili: pasi ninayoisema ni ya nguo, naomba nipimwe kwa hiyo. Shangazi awatafute wale walimu wateja wawe mashahidi. Alhamisi binti aende na pasi na shati lililokunjamana kweli kweli, na shati hilo lisiwe la mumeo. Na kile kiatu mkakiteremshe, jirani hana kosa.

Halafu mwambie habari ya kola. Unaogopa ataijua? Mwanangu, umeolewa na mtu ambaye kazi yake ni kuwatambua waliojiandikia wasichokiweza. Nyumbani kwake kuna pasi tatu ambazo hazijafunguliwa. Kila Jumatatu mboga zinatoka nyumbani kwenda sokoni, wakati za wenzako zinatoka sokoni kuja nyumbani. Unadhani haoni?

Rudi kwenye mfuko wa shati. Mwanzo aliweka pipi moja, ya aliyepiga pasi, akidhani ni wewe. Sasa anaweka mbili. Wewe umeona mapenzi yamezidi, na sikatai. Mimi nimeona mtu aliyemaliza uhakiki wake tangu mwezi jana, muhuri mwekundu akauacha kazini, akaanza kununua pipi ya watu wawili.

Wiki hii fungua pasi moja, uanze na leso. Na pipi moja kula, ni yako.