Mama Hakuomba Rangi

Butimba, Mwanza
22 Novemba 1998

Mpendwa kaka Shigela,

Shikamoo. Habari za Uswidi na baridi yake? Wifi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima kiasi cha kuweza kushika kalamu. Barua hii ni ya mama, kwa hiyo kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nilikuandikia kwamba presha ya macho imemzidi, na daktari wa Sengerema akasema uoni uliobaki ni mdogo sana. Ombi lake lilikuwa moja, aione sura yako kabla hajaingia gizani. Nikakuomba picha. Wenzako hutia picha kwenye bahasha, yakaisha. Wewe, msomi wetu, ukatuma diskete mbili za kompyuta.

Picha niliifungua kwenye kompyuta ya ofisini, hii ninayochapia kazi za wanachuo. Kioo chake kina rangi chache, ukaonekana una mashavu ya kijani. Hata hivyo ulikuwa wewe, na pua ya marehemu baba ilikuwepo. Nilitaka kuichapa hivyo hivyo. Lakini uliniandikia kwa herufi kubwa nisimpelekee mama picha mbovu, niweke kwanza draiva mpya, yaani programu ya kuendesha kioo, iliyo kwenye diskete ya pili, ili rangi zitulie. Nikatii.

Mashine ilipowaka tena, kioo kilikuwa cheusi tii. Taa inawaka, ndani inanguruma, na huoni kitu. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha waya, nikasali. Fundi Nestory alikuwa Geita, ikabidi nimsubiri. Wateja walinihama. Kila aliyevuka kutoka Sengerema alikuja na swali la mama, picha iko wapi.

Nestory aliporudi alibonyeza kitufe cha F8 mashine ikiwa inawaka, kioo kikarudi kwa rangi hafifu, akaing'oa draiva yako na kurudisha ya zamani. Kumbe yako ni ya kompyuta za aina nyingine. Kisha akaitazama printa yangu.

“Dada Odeta, hizo rangi mlikuwa mnazitafuta za nini? Si inachapa nyeusi tu hii?”

Kaka, nikaichapa. Karatasi iliyotoka ndiyo ile ile ambayo ingetoka siku ya kwanza.

Asubuhi nikapanda kivuko Kigongo. Mama nilimkuta ameketi kitandani, na nilipoingia akauliza ni nani. Nikajua. Nilimpa karatasi, akaipapasa pande zote akitafuta ulipo.

“Amenenepa?”

Nikasema umenenepa, unacheka. Kwenye picha hucheki, na mvi zimekujaa, lakini hayo sikuyasema. Sasa anaiweka chini ya mto. Mgeni akija anaitoa ili aelezwe ulivyo, na kila mgeni anaongopa kivyake.

Nina hasira nawe, kaka, na ninakupenda, vyote kwa pamoja. Usitume tena diskete, wala picha. Njoo.

Shangazi Paskazia na mjomba Maige wanakusalimu sana. Wifi mwambie simlaumu yeye. Mungu akufungulie njia mapema, mama bado ana pumzi.

Yeye anakubariki. Anasema ukifika usitaje jina mlangoni. Uongee tu lolote, sauti yako ataijua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Odeta