Ujumbe wa Mfano Kuhusu Daraja

Alhamisi

Sijui nani alinituma kutunga mfano. Jana akina mama wa kikundi cha wauza mchele wa Lumemo waliniomba niwafundishe kutambua habari za uongo kwenye simu. Mimi naona aibu kuongea mbele za watu, kwa hiyo nikatuma tu zoezi kwenye grupu lao la simu: "Kesho daraja litafungwa, msipeleke mchele sokoni."

Walitakiwa kuuchunguza huo ujumbe. Wakausambaza.

Leo asubuhi magunia yamelala majumbani na wanunuzi wanangoja sokoni. Nikaandika, "Shikamooni mama zangu, ule ulikuwa mfano!" Mama Anjela, mwenyekiti wao, akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Wee mtoto, tutajuaje? Nenda kasimame darajani, upige picha."

Nikaenda. Nimesimama pale na karatasi yenye tarehe ya leo, bodaboda wananipigia honi. Nilitamani mto unibebe.

Nikatuma picha, magunia yakatoka, namshukuru Mungu. Mama Anjela akaandika, "Sasa tumeamini. Ila mwanangu, umekonda."

Jioni baba karudi kutoka mtaa wa Viwanja Sitini, kanipa simu yake. Picha yangu, na chini yake: "Huyu ndiye binti aliyefunga daraja. Sambaza."

Kisha akaniuliza nimelifunga kwa nini.