Majina Kumi na Saba

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Masta imeanza! Miaka miwili, kila Jumamosi na Jumapili, usimamizi wa rasilimali watu. Naandika kwa Kiswahili kama Baba alivyonizoesha tukiwa bado Goma. Kinyarwanda ni cha nyumbani, Kifaransa na Kiingereza ni vya ofisini. Humu ni mi peke yangu.

Bon. Jambo la leo. Tuko wanafunzi ishirini na wawili. Nimekaa mstari wa pili, najiona mkubwa kidogo — mkuu wa wafanyakazi wa kiwanda kizima cha kahawa! Mlango ukafunguka, akaingia mama wa kitenge cha kijani, madaftari kwenye mfuko wa sukari. Nikadhani ni mama wa usafi. Aibu yangu. Ni Cansilde! Cansilde wetu wa chumba cha kuchambua kahawa!

Ana miaka hamsini na tatu, mjane, mtu wa Cyanzarwe. Miaka kumi na tisa yuko kwenye ile meza ndefu, anatoa punje mbovu, anaacha nzima. Faili lake liko kabatini kwangu. Kwenye "elimu" imeandikwa: msingi, darasa la sita. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena. Hata mi.

Wakati wa mapumziko nilimwendea. Anasema sekondari alimaliza akiwa na miaka thelathini na nane, digrii akiwa na arobaini na tisa. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia kazini.

"Mulikuwa hamuniulize, chef."

Nikamwambia hapa darasani hakuna chef, hakuna bosi. Akacheka mpaka akafunika mdomo. "Basi utakuwa Vere." Verediane kwa ufupi.

Jumapili, 14 Septemba

Leo sitasahau.

Profesa Onésphore alitaka mfano wa tatizo la kweli kutoka kazini. Nikainua mkono haraka haraka: kwetu Jumatatu wachambuaji wengi hawaji. Akauliza darasa, kwa nini? Mmoja akasema pombe ya Jumapili. Mwingine akasema motisha. Mi nikachora hata mchoro — mahitaji ya binadamu, ngazi kwa ngazi. Mchoro mzuri kabisa!

Cansilde akaomba ruhusa ya kusema kwa Kiswahili.

"Profesa, kwetu Jumatatu ni siku ya chanjo. Kituo ya afya inapima batoto Jumatatu asubuhi tu. Geti yetu inafungwa saa moja na dakika tano. Mama akitoka kule saa nne, geti iko imefungwa, siku yake imekwenda. Hakuna pombe."

Akakaa.

Profesa akaandika maneno yake ubaoni kama alivyoyasema, neno kwa neno. Halafu akanigeukia. Verediane, ulikuwa unajua?

Sikujua. Miaka mitatu nasaini barua za onyo, sikujua.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetoa mafaili yote. Barua za onyo sitini na nne. Arobaini na saba ni za Jumatatu! Zote nimeandika mi, sentensi ile ile: "kutokuwepo kazini bila sababu." Na sababu ilikuwa humo humo kwenye faili, ukurasa unaofuata — fomu ya bima, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Miezi miwili. Miezi mitatu. Sikuwahi kugeuza ukurasa.

Cansilde hakunisema kwa mtu. Leo alipita mbele ya ofisi, akanisalimia "chef" kama siku zote, akaenda mezani kwake.

Jumatano, 24 Septemba

Profesa amekubali! Cansilde atafanya mémoire yake, tasnifu ya masta, juu ya Jumatatu zetu. Anataka kujua mama wanafanyaje siku za chanjo, na kiwanda kingeweza kufanya nini.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi kuomba ruhusa. Rugwiro amekulia Kampala, hapendi maneno mengi. Ni mtu wa haki, lazima niseme — ndiye aliyetupatia choo cha wanawake na chumba cha kulia. Akasema: leteni data.

Tukaandika karatasi ya ahadi, kama tulivyofundishwa: anayejibu hatajulikana, jina lake halitatoka. Sahihi yangu, muhuri wa kiwanda. Cansilde aliisoma mara mbili kabla ya kuichukua. Aliniuliza kama muhuri ni wa kweli. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimejifunza leo kuliko mwezi mzima wa darasani.

Nilikuwa nimetengeneza hojaji. Kurasa tatu, visanduku vya kutia alama. Mama wote wakatia alama "nzuri sana". Kila swali! Hata swali la choo kilichoharibika wiki iliyopita.

Cansilde akaziangalia, akatabasamu. "Vere, hii ni mutihani. Mutu akiona mutihani anatafuta jibu ya kufurahisha mwalimu."

Akaketi mahali pake, mikono ikaanza kuchambua. Vidole vinaruka juu ya punje, macho yanamtazama mwenzake. Karibu naye alikaa Saidati, binti mwembamba wa hijabu ya bluu, ana mtoto wa wiki kumi anayelelewa na mama mkwe pale Nyamyumba. Cansilde hakuuliza "kwa nini hukuja". Aliuliza mtoto amelalaje. Kisha kilo ngapi sasa. Kisha nani alimpeleka kupimwa. Na Saidati akasema, akasema! Kila akimaliza, Cansilde anamrudishia maneno yake, anauliza kama amesikia vizuri. Ndipo anaandika, mstari mmoja tu. Hakuna jina, hata herufi.

Baadaye akanikonyeza. "Chef, sasa uende. Uko mukubwa, wanakuogopa."

Nikatoka! Nimefukuzwa kwenye chumba cha kiwanda changu na mchambuaji, na nikashuka ngazi nikicheka peke yangu. Nina vyeti vitatu ukutani. Hakuna hata kimoja kilichonifundisha kuuliza namna ile.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku mbaya.

Tulimpelekea Rugwiro matokeo ya mwanzo, kurasa kumi na moja. Pendekezo la Cansilde ni dogo na ni safi: mama wa mtoto mchanga aingie saa nne na nusu siku ya chanjo, akionyesha kadi ya kliniki, na masaa yale ayafidie katikati ya wiki. Basi.

Rugwiro hakufika kwenye pendekezo. Alisimama ukurasa wa saba. Pale imeandikwa kwamba wanawake kumi na saba wamewahi kumtuma dada au jirani aingie na kadi yao ya kazi, ili siku isipotee.

Akatutoa nje kwanza, halafu akaniita peke yangu. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisema: mtu asiye wetu akikatwa mkono na mashine, akiwa na jina la mwingine, nani atajibu? Wewe? Kwa hilo hana kosa.

Halafu akasema anataka majina kumi na saba. Ijumaa, saa nane mchana. Kama hapana, nimwandikie Cansilde barua ya kufukuzwa, kwa kuficha kosa.

Nikamkumbusha ahadi. Muhuri. Akasema muhuri ni wa kiwanda, na kiwanda ni yeye.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilimtafuta Cansilde saa ya chakula. Alikuwa amekaa ukutani nyuma ya ghala, upande wa ziwa, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na ubugali kwenye bakuli, daftari wazi magotini. Nikamwambia yote. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, yakatoka vibaya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama Mkurugenzi alisoma ukurasa wa tisa, wa pendekezo. Nikasema hapana.

"Hapo ndipo nimekosea. Ukurasa wa tisa ingekuwa ya kwanza."

Mtu yuko karibu kupoteza kazi ya miaka kumi na tisa — anasahihisha mpangilio wa ripoti yake!

Nikamuuliza orodha ya majina iko wapi. Nilitaka, sijui, nilitaka kuificha mwenyewe. Akagusa kitambaa chake cha kichwa kwa kidole.

"Iko huku. Sikuandika hata moja. Hakuna karatasi ya kunipora."

Kisha akasema kitu nilichorudia njia nzima mpaka nyumbani. "We uandike ile barua, chef, kama ni kazi yako. Mi sitakukasirikia. Lakini usiniulize majina, maana nitakukatalia, na sipendi kukukatalia."

Hakulia. Hakuniomba lolote. Aliniuliza tu kama nimeelewa sura ya nne ya kitabu cha darasani, ile ya sampuli, yeye hajaielewa vizuri. Nikamweleza. Alielewa mara moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilifungua kompyuta kuandika barua yake. Nikaandika tarehe. Nikaandika jina lake lote. Ilipofika "sababu", mikono ikakataa. Mi mwenye barua sitini na nne nyuma yangu!

Nikafuta. Nikaanza nyingine, ya kwangu kwa mkurugenzi. Kwamba ahadi niliitoa mi, kwa sahihi yangu. Kwamba mchezo wa kupeana kadi za kazi ni hatari, na kuanzia wiki ijayo nitasimama getini mwenyewe kuuzuia. Kwamba ukurasa wa tisa ndio dawa yake, ausome. Na kama lazima mtu atoke kwa ajili ya majina, basi ni mkuu wa wafanyakazi aliyepiga muhuri.

Nimeisoma mara tano. Naogopa, sitajidanganya. Kazi hii ndiyo iliyonipeleka shuleni. Lakini nikifikiria kukaa darasani Jumamosi, mstari wa pili, na kiti cha Cansilde kiko wazi — hapana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa nane kasorobo. Niko kwenye benchi nje ya mlango wa Rugwiro. Mutesi, sekretari wake, anasema yuko kwenye simu, nisubiri. Barua iko ndani ya bahasha, bahasha iko ndani ya daftari hili.

Saa nane kasoro dakika tano. Cansilde amefika! Hajaitwa. Amevaa kile kitenge cha kijani cha shule, viatu vimepakwa rangi. Nimemuuliza kwa sauti ya chini amekuja kufanya nini. Anasema Profesa alifundisha kwamba mtafiti anaeleza matokeo yake mwenyewe, hatumi mtu. Amepanga upya zile kurasa. Ya tisa iko juu.

Nimemwonyesha barua yangu. Ameisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Akanirudishia. Amesema nimekosea tarehe, nimeandika Septemba. Halafu akaufuta uso kwa ncha ya kitenge, akaangalia dirishani.

Nimesahihisha kwa kalamu.

Mutesi ametoka. Mkurugenzi anataka tuingie mmoja mmoja — nani anaanza?

Naandika hii nimesimama. Tumesimama wote wawili.